Kitenzi prendre katika wakati uliopo: mwongozo kwa anayejifunza Kifaransa

Mtu akikuuliza maana ya kupiga, utamjibu nini? Pengine utasema ni kuchapa au kugonga. Kisha utakumbuka kwamba tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga picha na tunapiga kura, na katika yote hayo hakuna anayechapwa. Kitenzi cha Kifaransa prendre kina tabia hiyo hiyo. Kamusi itakuambia ni kuchukua, na kamusi haikosei. Lakini kwa kitenzi hicho kimoja Mfaransa hupanda basi, hunywa kahawa, humeza dawa, huoga, hupiga picha, hukata kona na hustaafu.

Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wakishike mapema, mara tu baada ya être (kuwa) na avoir (kuwa na). Kinakutana nawe kituo cha basi, dukani, hospitalini na darasani. Tena ukikimudu, umepata bure vitenzi vingine vitano au sita vinavyogeuka kwa namna ile ile, vikiwemo viwili ambavyo mwanafunzi hawezi kuishi bila hivyo: apprendre, kujifunza, na comprendre, kuelewa.

Nitatumia Kiswahili kama ngazi kila inapowezekana. Msemaji wa Kiswahili ana mambo kadhaa mkononi ambayo yanamrahisishia kitenzi hiki, na mengine machache yanayomtega. Yote nitayataja.

Hatua ya kwanza: yajue maumbo

Haya ndiyo maumbo ya wakati uliopo:

je prends – nachukua
tu prends – unachukua
il prend, elle prend, on prend – anachukua
nous prenons – tunachukua
vous prenez – mnachukua (au unachukua, kwa heshima)
ils prennent, elles prennent – wanachukua

Wanasarufi wa Kifaransa hukiweka kitenzi hiki katika kundi la tatu, yaani kundi la vitenzi visivyofuata njia kuu. Usiogope jina hilo. Ukitazama vizuri utaona mashina matatu tu: prend- kwa umoja, pren- kwa nous na vous, na prenn- kwa ils na elles. Ile d ya jina la kitenzi inabaki kwenye umoja na kutoweka kwenye wingi. Mambo mengine yote yanatokana na hapo.

Kwenye maandishi kuna mitego mitatu. Kwanza, il prend haiongezwi t mwishoni, ingawa umezoea kuona il finit au il part. D imeshika nafasi hiyo. Pili, ils prennent ina n mbili, lakini nous prenons na vous prenez zina moja. Tatu, wengi huandika nous prendons kwa kuiga vitenzi kama vendre (kuuza) na attendre (kungoja), ambavyo husema nous vendons, nous attendons. Prendre hakimo katika familia hiyo, hata kama mkia wake unafanana nayo. Ukiandika prendons hakuna atakayejua kama ulitaka prenons, tunachukua, au prendrons, tutachukua.

Hatua ya pili: zishike sauti

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Kila herufi ina kazi, na msomaji wetu akiona prennent, mdomo wake unataka kutamka "prenenti". Kifaransa hakiko hivyo. Maumbo matano yaliyoandikwa yanatoa sauti nne tu:

prends na prend hutamkwa sawa kabisa: "prã"
prenons: "prənõ"
prenez: "prəne"
prennent: "pren"

Alama ya wimbi juu ya irabu inaonyesha kuwa hewa inapita puani. Alama ya ə ni irabu fupi, dhaifu, ya katikati ya mdomo, ambayo Kiswahili hakina; itamke upesi, midomo ikiwa imeviringika kidogo, bila kuiacha igeuke kuwa e yetu kamili.

Tuanze na r. Hii si r ya "rafiki". Ulimi hautetemi. Sauti inatoka nyuma, karibu na koo, na jirani yake wa karibu zaidi katika Kiswahili ni gh ya "ghali", "lugha" na "ghorofa". Anayetamka gh vizuri ameshafika karibu sana na r ya Paris. Sema "ghã" mara kumi. Kisha tanguliza p: "pghã". Baada ya p sauti hiyo hupungua mvumo na kuwa kama mkwaruzo wa pumzi, lakini mahali pa kuitolea ni pale pale. Waliozoea kusema "lugha" kwa g ya kawaida, "luga", watahitaji mazoezi zaidi.

Sasa ile ã. Fungua mdomo kama unasema a, acha hewa nyingine ipite puani, na uhakikishe ulimi haugusi popote. Kosa linalosikika sana ni kuifunga sauti kwa ng' ya "ng'ombe", ikawa "prang'". Kosa la pili ni kuifunga kwa n, ikawa "pran". Weka kidole chini ya pua ukitamka: utahisi hewa, na mwishoni mdomo ubaki wazi.

Kisha prennent. Hii haina hewa ya puani kwenye irabu. Ni e ya kawaida, iliyo wazi kidogo, ikifuatwa na n inayosikika waziwazi. Herufi tatu za mwisho, -ent, hazitamkwi hata kidogo.

Kwa nini nasisitiza n hii? Kwa sababu il na ils hutamkwa sawa mbele ya konsonanti. Msikilizaji haisikii s. Mtu akisema il prend le bus na mwingine akisema ils prennent le bus, kinachotofautisha mmoja na wengi ni "prã" dhidi ya "pren", basi. Katika Kiswahili tofauti hiyo inakaa mbele ya kitenzi, a- na wa-, na sikio letu limezoea kuitafuta huko. Kwa prendre lazima ulifundishe sikio lisubiri mwisho wa neno. Rudia jozi hii mpaka ikae kinywani: il prend, ils prennent; elle prend, elles prennent.

Jambo moja la mwisho kuhusu sauti: katika mazungumzo ya haraka je hupoteza irabu yake, na je prends husikika kama "shprã". Usijilazimishe kusema hivyo siku za mwanzo, lakini ujue kuisikia, maana hivyo ndivyo utakavyoisikia sokoni.

Hatua ya tatu: usidanganywe na tu

Nafsi za Kifaransa zinafanya kazi inayofanana na ile ya viambishi vyetu. Je ni kama ni-, nous ni kama tu-, ils ni kama wa-. Kitenzi hakisimami peke yake bila hizo: huwezi kusema prends le bus ukimaanisha "napanda basi", kwa sababu ukiondoa je unakuwa umetoa amri.

Lakini tazama tu. Kwetu tu- ni sisi: tunachukua. Kwao tu ni wewe: tu prends. Nimesikia wanafunzi wakisema tu prends le bus huku wakijinyooshea kidole wao na wenzao, na Mfaransa anajibu kwa mshangao kwamba yeye hapandi basi lolote. Dawa ni kuzoeza jozi kamili tangu mwanzo: tu prends, unachukua, nous prenons, tunachukua. Usizitenganishe.

Il na elle nazo zinahitaji uangalifu. A- yetu haijali mwanamume au mwanamke, na hilo linatufanya tumwite mama il bila kukusudia. Kabla ya kufungua mdomo, jiulize unamzungumzia nani.

Kuna tofauti nyingine ndogo lakini inayojitokeza kila siku. Sisi husema "Amina anapanda basi": jina lipo, na a- ipo. Kifaransa sanifu kikishataja jina hakirudii nafsi: Amina prend le bus. Ukisema Amina elle prend le bus utaeleweka, na Wafaransa wenyewe husema hivyo wakitia kituo baada ya jina ili kusisitiza, lakini kwenye insha au mtihani utakatwa alama.

On inastahili aya yake. Kwenye sarufi ni nafsi ya tatu umoja, na hubeba umbo la il: on prend. Kwenye maisha, mara nyingi maana yake ni sisi. Marafiki wakipanga safari watasema on prend le train, tupande treni, na nous prenons le train utaiona zaidi kwenye maandishi na hotuba. Ukihesabu vizuri, je, tu, il, elle na on zote zinatumia sauti moja, "prã". Kwa hiyo anayeanza akishika "prã" peke yake ameshaweza kuzungumza sehemu kubwa ya siku yake.

Hatua ya nne: tu au vous

Kiswahili kinamheshimu mkubwa kwa shikamoo, kwa mzee, mama, bwana, mwalimu. Lakini kitenzi chenyewe hakibadiliki. Bibi yako na mdogo wako wote unawauliza "unakunywa chai?" Kifaransa kinaingiza heshima ndani ya kitenzi. Kwa rafiki: tu prends du thé? Kwa mtu mzima usiyemjua, mwenye duka, daktari, mwalimu au ofisa: vous prenez du thé? Ni mtu mmoja, ila kitenzi ni cha wingi.

Kanuni salama kwa mgeni ni hii: kwa mtu mzima anza na vous, na usubiri mwenzako apendekeze tu. Akisema on se tutoie? anakuambia muitane tu, nawe ubadilike hapo hapo. Watoto na wanafunzi wenzako waite tu bila wasiwasi.

Hatua ya tano: wakati uliopo mmoja, nyakati zetu tatu

Kiswahili kina -na-, kina -a-, kina hu-. Kifaransa kinazimeza zote katika umbo moja. Je prends le bus inaweza kuwa napanda basi sasa hivi, au mimi hupanda basi kila siku. Maneno yanayozunguka ndiyo yanayoeleza: maintenant, sasa; tous les jours, kila siku; d'habitude, kwa kawaida.

Ukitaka kusisitiza kwamba jambo linaendelea dakika hii hii, tumia être en train de: je suis en train de prendre une douche, naoga sasa hivi, nipigie baadaye.

Wakati uliopo pia hubeba kesho iliyopangwa: je prends le train demain matin, nasafiri kwa treni kesho asubuhi. Hapa sisi hufanya vilevile, kwa hiyo hapana ugumu. Ugumu uko kwenye depuis. J'apprends le français depuis deux ans maana yake ni kwamba nilianza miaka miwili iliyopita na bado naendelea. Kitenzi kinabaki wakati uliopo. Wengi wetu hukitafutia wakati uliopita kwa sababu tunafikiria "nimekuwa nikijifunza". Usiitafute hiyo -mekuwa. Kama jambo bado linaendelea, uliopo unatosha.

Kuna vitenzi viwili vya kusaidia ambavyo, kwa msemaji wa Kiswahili, vinaingia kwa urahisi. Je vais prendre un café, naenda kunywa kahawa, ni wakati ujao wa karibu. Na je viens de prendre un café ni sawasawa na "nimetoka kunywa kahawa sasa hivi". Sisi tunatumia kutoka, wao hutumia venir de, kuja kutoka. Wazo ni moja.

Hatua ya sita: kukana na kuuliza

Ukanushi wa wakati uliopo katika Kiswahili unagusa kitenzi pande mbili: nachukua inakuwa sichukui, si- mbele na -i nyuma. Kifaransa nacho kinakizunguka kitenzi: je ne prends pas. Ne mbele, pas nyuma. Ukilikumbuka neno "sichukui" hutasahau kufunga sentensi yako kwa pas.

Katika mazungumzo ne huangushwa mara kwa mara, je prends pas, na pas ndiyo inayobeba kazi yote. Isikie, ila katika kuandika iweke ne mahali pake.

Angalia vitu vinavyofuata. Je prends du sucre, natia sukari, ikikanushwa inakuwa je ne prends pas de sucre. Du, de la, des, un na une hugeuka de baada ya pas. Lakini le, la na les hazibadiliki: je ne prends pas le bus. Kosa la je ne prends pas du sucre ni la kawaida mno, hata kwa watu waliosoma Kifaransa miaka mingi.

Kuuliza kuna njia tatu. Ya kwanza ni kupandisha sauti mwishoni, kama tunavyofanya sisi: tu prends le bus? Ya pili ni kutanguliza est-ce que, ambayo inafanya kazi ya "je" yetu ya kuulizia: est-ce que tu prends le bus? Ya tatu ni kugeuza mpangilio, prenez-vous le bus?, njia yenye urasmi zaidi. Katika njia hii ya tatu kuna jambo la kupendeza: prend-il na prend-elle hutamkwa "prãtil" na "prãtel". Ile d iliyokaa kimya inaamka, na inaamka ikiwa t.

Hatua ya saba: "kukichukua" kwa Kifaransa

Hapa msemaji wa Kiswahili anawatangulia wengi. Sisi huweka kitendwa ndani ya kitenzi, kabla ya mzizi: ni-na-ki-chukua. Kifaransa nacho hukiweka kabla ya kitenzi: je le prends. Je ni ni-, le ni ki-, prends ni chukua. Wanaotoka kwenye lugha ambazo kitendwa hufuata kitenzi huhangaika sana hapa. Wewe tayari unafikiri kwa mpangilio huo.

Tofauti ni kwamba ngeli zetu nyingi kwao zimepungua hadi le kwa jina la kiume, la kwa jina la kike, na les kwa wingi. Kitabu, le livre: je le prends, nakichukua. Ufunguo, la clé: je la prends, nauchukua. Vitabu au funguo: je les prends. Kikikanushwa kinabaki mbele: je ne le prends pas, sikichukui.

Sisi tunaweza kusema "nakichukua kitabu", kiambishi na jina pamoja. Kifaransa cha maandishi hakipendi hilo. Chagua kimoja, je prends le livre au je le prends.

Na kwa kitu kisichotajwa ni kipi hasa, au kinachohesabiwa, kuna en. Muuzaji anakuuliza unataka maembe mangapi, nawe unajibu j'en prends trois, nachukua matatu. Ukisema je prends trois peke yake, Mfaransa atahisi sentensi ina tundu.

Amri zinatokana na maumbo yale yale, nafsi ikiondolewa: prends, chukua; prenons, tuchukue; prenez, chukueni. Kwenye amri ya kukubali kitendwa kinahamia nyuma, prends-le, kichukue. Kwenye katazo kinarudi mbele, ne le prends pas, usikichukue.

Hatua ya nane: kitumie pale Wafaransa wanapokitumia

Usijaribu kukariri orodha ndefu. Shika matumizi kwa mahali.

Barabarani, prendre ni kupanda na pia ni kufuata njia. Umefika Paris kwenye kituo cha Gare du Nord na unaulizia namna ya kufika Concorde. Mtu atakujibu: vous prenez la ligne 4 jusqu'à Châtelet, puis vous prenez la ligne 1 jusqu'à Concorde. Panda metro namba 4 mpaka Châtelet, kisha namba 1 mpaka Concorde. Ukiwa kwa miguu utaambiwa prenez à gauche, kata kushoto, au prenez la première rue à droite, shika njia ya kwanza kulia. Na safari ikichukua muda, ça prend une heure, inachukua saa moja. Hapa Kiswahili na Kifaransa vinakutana neno kwa neno.

Mezani, prendre ni kula na kunywa kile ulichochagua. Mhudumu anakuja na kuuliza: qu'est-ce que vous prenez? Jibu lake ni je prends un café, au kwa upole zaidi je vais prendre un café, s'il vous plaît. Dukani kwenye mikate ni hivyo hivyo: je prends deux croissants et une baguette, s'il vous plaît. Usisahau bonjour kabla ya yote. Kuanza kuagiza bila salamu huonekana ukosefu wa adabu, na katika hilo sisi na wao hatutofautiani. Wakati wa kulipa unaweza kuuliza vous prenez la carte?, mnapokea kadi?

Kwenye afya, prendre un médicament ni kunywa au kumeza dawa, prendre rendez-vous ni kuweka miadi na daktari, prendre froid ni kushikwa na baridi, prendre du poids ni kunenepa. Daktari akikuuliza vous prenez des médicaments?, hakuulizi kama umebeba dawa mkobani. Anataka kujua kama kuna dawa unazotumia. Nakusihi ulishike hili hata kama mengine utayasahau, kwa sababu jibu lisilo sahihi mbele ya daktari linaweza kukudhuru.

Kazini na darasani: prendre des notes, kuandika yanayosemwa, prendre la parole, kusimama na kuzungumza, prendre une décision, kufanya uamuzi, prendre sa retraite, kustaafu. Nyumbani: prendre une douche, kuoga, prendre soin de, kutunza, kama elle prend soin de sa grand-mère, anamtunza bibi yake. Na mwenzako akikuona umebadilika ghafla, umekasirika bila sababu, atakuuliza qu'est-ce qui te prend?, umepatwa na nini wewe?

Kuna pia mahali ambapo "kuchukua" au "kufanya" kwetu hakuleti prendre. Kumchukua mtoto na kumpeleka shule ni emmener: j'emmène l'enfant à l'école. Chakula cha kuchukua ni à emporter. Kufanya mtihani ni passer un examen, na tahadhari, passer hapa haimaanishi kufaulu. Kufaulu ni réussir. Kwenda kutembea ni faire une promenade kwa Ufaransa, ingawa Québec utasikia prendre une marche.

Hatua ya tisa: vuna familia nzima

Tanguliza kiambishi, na kila kitu ulichojifunza kinahama nacho. Comprendre: je comprends, nous comprenons, ils comprennent. Apprendre: j'apprends, vous apprenez, elles apprennent. Vivyo hivyo reprendre, kuchukua tena au kuendelea baada ya kusimama. Surprendre, kushtukiza au kushangaza. Entreprendre, kuanza jambo kubwa.

Apprendre huanza kwa irabu, na hilo linaleta mambo mawili. Je inakatwa, j'apprends. Na s ya wingi, ambayo ilikuwa kimya, inasikika kama z: nous apprenons ni "nuzaprənõ", ils apprennent ni "ilzapren". Safari hii wingi unasikika mara mbili, kwenye z na kwenye n.

Tena apprendre ni kujifunza na pia ni kufundisha. J'apprends le français, najifunza Kifaransa. J'apprends le français à ma sœur, namfundisha dada yangu Kifaransa. Kiswahili kinazitenganisha kwa -ji- ya kujifunza. Kifaransa kinazitenganisha kwa à pamoja na jina la anayefundishwa. Kikifuatwa na kitenzi, apprendre hudai à pia: j'apprends à conduire, najifunza kuendesha gari.

Kwa wanaoishi au wanaofanya biashara Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura, ambako Kiswahili na Kifaransa hukutana katika siku moja, sentensi mbili za familia hii zitafanya kazi kuliko zote: je comprends un peu, naelewa kidogo, na je ne comprends pas, sielewi. Ya pili isemwe bila aibu, na uongeze vous pouvez répéter?, unaweza kurudia?

Hatua ya kumi: jaribu mwenyewe

Funika majibu, andika sentensi hizi kwa Kifaransa, kisha zisome kwa sauti. Kusoma kwa sauti ni nusu ya zoezi, maana prend na prennent ukiziandika tu hutajua kama unazitofautisha.

1. Mama yangu anakunywa dawa zake asubuhi na jioni.
2. Hatuelewi swali.
3. Watoto wanajifunza kuogelea.
4. Bwana, unapanda treni kesho? (Humjui.)
5. Funguo? Nazichukua.
6. Sitii sukari.
7. Teksi ile? Usiichukue!

Majibu:

1. Ma mère prend ses médicaments matin et soir. Jina limetajwa, kwa hiyo elle haihitajiki.
2. Nous ne comprenons pas la question, au on ne comprend pas la question. La haigeuki de.
3. Les enfants apprennent à nager. Z ya les isikike: "lezãfã".
4. Vous prenez le train demain, monsieur? Ukiandika tu prends, heshima imepotea.
5. Les clés? Je les prends.
6. Je ne prends pas de sucre. Kama uliandika du, rudi hatua ya sita.
7. Ce taxi? Ne le prends pas! Taxi ni jina la kiume, ndiyo maana ni le. Na kwa kuwa ni katazo, le imebaki mbele ya kitenzi, kama -i- ilivyobaki mbele ya mzizi katika "usiichukue".